Damu ya Kamba na Jinsi Ilivyopata Kujulikana

Watu wa pwani hula kamba, na hata watu wengi wa bara wamekwisha onja uduvi waliokaushwa juani na kuuzwa sokoni. Lakini mwulize mpishi yeyote kama kamba ana damu, naye atakujibu kwamba hana, maana ampasuapo haoni hata tone moja jekundu. Pengine atakuonyesha uzi mweusi upitao mgongoni, ule auondoao kwa ncha ya kisu kabla ya kupika, akuambie kwamba huo ndio mshipa wake. Majibu hayo yote mawili si sahihi. Uzi ule mweusi ni utumbo, na weusi wake ni mabaki ya chakula. Na damu kamba anayo, tena nyingi, ila si nyekundu.

Leo twataka kueleza jinsi watu walivyopata kuijua damu hiyo, na njia ipitayo mwilini, na jinsi wanyama wa jamii ya kamba na kaa wanavyozitoa taka za miili yao. Habari hii imechukua miaka zaidi ya 2,000. Na jambo la ajabu ndani yake ni hili: kamba mdogo wa Uingereza aliwasaidia wanadamu kuijua damu yao wenyewe, na baada ya hapo ilipita miaka 200 kabla njia ya damu ya kamba mwenyewe haijaelezwa sawasawa.

Wa kwanza tutakayemtaja ni Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani, aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Yeye alikaa kwa muda katika kisiwa cha Lesbos, akatazama wanyama wengi wa bahari na kuandika habari zao. Aliwagawa wanyama wote mafungu mawili: wenye damu, na wasio na damu. Katika fungu la kwanza aliweka watu, wanyama wa miguu minne, ndege, nyoka na samaki. Katika fungu la pili aliweka kamba, kaa, pweza, konokono na wadudu. Twaona, basi, kwamba mpishi wetu na Aristotle ni wa shauri moja. Wote wawili waliita damu kile kilicho chekundu tu, na chochote kingine kilichokuwa kikitembea mwilini hawakukihesabu kuwa damu.

Katika karne ya 2 baada ya Kristo alitokea tabibu mkubwa jina lake Galen, mzaliwa wa Pergamon, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Uturuki. Galen alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini kwa chakula tulacho, kisha huenenda mwilini na kutumika huko mpaka imekwisha. Ilikuwa kama maji ya mfereji yamwagwayo shambani: hunywewa na udongo, wala hayarudi, na mwenye shamba hana budi kuleta mengine kila siku. Tena alisema kwamba damu hupenya kutoka upande wa kuume wa moyo kwenda upande wa kushoto kwa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Mafundisho hayo yalishikwa na matabibu kwa miaka zaidi ya 1,000.

Mmoja aliyethubutu kuyapinga alikuwa tabibu wa Kiarabu, Ibn al-Nafis, aliyezaliwa Sham, akafanya kazi Misri na kufa Kairo mwaka 1288. Aliandika kwamba ukuta wa katikati ya moyo ni mnene, hauna matundu, na kwamba damu hutoka upande wa kuume ikapita mapafuni, ndipo ikafika upande wa kushoto. Neno hilo lilikuwa kweli. Hata hivyo lilieleza sehemu moja tu ya safari. Safari nzima ya damu mwilini ilikuwa haijajulikana.

Sasa twafika kwa William Harvey. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1578 katika mji wa Folkestone, kusini ya Uingereza, karibu na bahari. Alikwenda kujifunza utabibu katika chuo cha Padua, Italia, akapata shahada yake mwaka 1602. Mwalimu wake mmoja huko, Fabricius, alikuwa amewaonyesha wanafunzi kwamba ndani ya mishipa ya damu mna vilango vidogo, ijapokuwa hakutambua kazi yake hasa. Harvey aliporudi kwao akawa tabibu wa hospitali ya St Bartholomew mjini London tangu mwaka 1609, na baadaye akawa tabibu wa mfalme.

Harvey alitaka kujua moyo unafanya kazi gani. Swali laonekana jepesi, lakini lilimtaabisha sana. Moyo wa mbwa au nguruwe hupiga upesi mno, hata jicho haliwezi kupambanua lini unajikaza na lini unalegea, wala kipi kati ya hayo mawili ndicho kinachosukuma damu. Wengi katika zama zake walidhani kwamba moyo hufanya kazi yake unapotanuka, kama mvuo wa mhunzi unavyovuta pumzi. Harvey mwenyewe aliandika kwamba mwanzoni alikaribia kukata tamaa na kusema kwamba mwendo wa moyo wajulikana na Mungu peke yake.

Ndipo akawageukia wanyama ambao moyo wao huenda polepole: vyura, nyoka, samaki, konokono na kaa. Katika hao akakuta msaada mkubwa kutoka kwa kiumbe ambaye matabibu wengine hawakumjali. Katika mto wa Thames, na baharini pia, alikuwamo kamba mdogo wa jamii ya uduvi, ambaye mwili wake wote hupenyeka kwa nuru kama kioo. Harvey alimtia katika maji kidogo, akamtazama, na mara nyingi akawaita rafiki zake watazame pamoja naye. Moyo wa kamba yule ulionekana wazi ukipiga ndani ya mwili. Hapakuwa na haja ya kumpasua. Katika kitabu chake alisema waliutazama kana kwamba wapo dirishani.

Ni nini walichokiona? Waliona kwamba moyo hujikaza kwa nguvu, na unapojikaza ndipo unapofanya kazi, kisha hulegea na kujaa tena. Yaani moyo si mvuo unaovuta. Ni kama mkono unaoukamua mfuko wa maji. Harvey aliona jambo hilohilo katika chura na nyoka, na katika wanyama wenye damu ya moto walipokuwa karibu kufa, mioyo yao ilipopunguza mwendo. Kamba hakuwa shahidi peke yake, lakini alikuwa shahidi aliyeweza kutazamwa akiwa mzima, asiye na jeraha, nayo ni tofauti kubwa.

Kutoka hapo Harvey alitumia hesabu. Alikisia kwamba kila pigo moja la moyo wa mtu latoa nusu wakia ya damu, na katika nusu saa moyo hupiga zaidi ya mara 1,000. Basi katika nusu saa hutoka wakia 500 za damu, ambazo ni nyingi kuliko damu yote iliyomo mwilini. Hata ukipunguza makisio yake mara nyingi, bado damu itokayo moyoni ni nyingi mno kuliko chakula kiwezacho kuitengeneza. Je, damu hiyo yatoka wapi na kwenda wapi? Hapakuwa na jibu ila moja: ni damu ileile, itokayo moyoni ikaenda pande zote za mwili na kurudi tena moyoni, ikizunguka bila kukoma. Na vile vilango alivyovionyesha Fabricius vilikuwa milango ya kuizuia isirudi nyuma.

Harvey hakufanya haraka. Alisema kwamba alikuwa amewaonyesha wenzake mambo hayo kwa muda wa zaidi ya miaka 9 kabla ya kuyachapisha. Kitabu chake, kidogo, kilichoandikwa kwa Kilatini, kilitoka katika mji wa Frankfurt mwaka 1628. Hakikupokewa kwa furaha na wote. Elimu ya matabibu wa wakati ule, pamoja na desturi ya kumtoa mgonjwa damu, ilijengwa juu ya maneno ya Galen. Na mtu aliyesema kwamba Galen amekosea alikuwa kama anayechimba msingi wa nyumba wakazi wakiwa ndani. John Aubrey, aliyemjua Harvey, aliandika kwamba baada ya kitabu kile kutoka wagonjwa wake walipungua sana, na watu wa kawaida wakadhani ameingiwa na wazimu. Huko Paris tabibu mashuhuri, Jean Riolan, alimpinga, naye Harvey akamjibu kwa maandishi mwaka 1649. Tena katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, mwaka 1642, askari waliingia katika makao yake London wakaharibu karatasi zake, miongoni mwake zile za uchunguzi wa wadudu. Harvey alisikitikia hasara hiyo mpaka uzee wake.

Alikufa mwaka 1657, na neno moja lilikuwa bado limefichika. Hakuna aliyekuwa ameona jinsi damu ivukavyo kutoka mishipa iendayo mpaka mishipa irudiyo. Miaka 4 baadaye, mwaka 1661, Marcello Malpighi wa Italia aliyatazama mapafu ya chura kwa hadubini, yaani chombo cha vioo cha kukuzia vitu vidogo, akaona vimishipa vyembamba kuliko unywele vikiunganisha pande zile mbili. Hivyo duara ikatimia. Katika mwili wa mtu, na wa ndege, na wa samaki, damu hukaa ndani ya mishipa toka mwanzo wa safari mpaka mwisho.

Lakini je, kamba mwenyewe? Hapa ndipo penye jambo tulilotaka msomaji alifikiri. Ingekuwa rahisi kusema kwamba, kwa kuwa moyo wa kamba ulitusaidia kuujua moyo wetu, basi damu ya kamba huenenda kama yetu. Sivyo hata kidogo.

Mwaka 1672 tabibu Mwingereza Thomas Willis alichapisha kitabu chenye picha za viungo vya ndani vya kamba mkubwa wa bahari, yule mwenye magando. Lakini njia ya damu yake iliendelea kubishaniwa. Swali moja lilikuwa hili: katika samaki, moyo husukuma damu kwanza kwenda kwenye matamvua, ili ipate hewa iliyomo majini, ndipo iende mwilini. Je, na moyo wa kamba hufanya hivyo? Jibu kubwa lilitolewa mwaka 1827 na Wafaransa wawili, Jean Victor Audouin na Henri Milne-Edwards, waliokuwa wamekwenda kuchunguza wanyama wa pwani ya kaskazini ya Ufaransa. Kwa kupasua kaa na kamba wakubwa na kuifuata mishipa yao, walionyesha kwamba mambo ni kinyume cha samaki: damu hupita kwanza katika matamvua, ndipo ikafika moyoni, na moyo huisukuma moja kwa moja kwenda mwilini.

Tuieleze njia hiyo kama ijulikanavyo leo. Moyo wa kamba umo mgongoni, chini ya gamba kubwa lifunikalo kichwa na kifua. Umening'inia ndani ya mfuko uliojaa damu. Katika kuta zake mna matundu yenye vilango. Moyo ujikazapo, vilango hufungika, na damu hutoka kwa mishipa iendayo mbele kwenye macho na ubongo, na nyuma kwenye mkia, na chini kwenye miguu na tumbo. Mpaka hapo yafanana na mambo yetu. Lakini mishipa hiyo hugawanyika na kugawanyika, kisha huishia wazi. Damu humwagika katika nafasi zilizo katikati ya nyama na viungo, ikaviosha ini, matumbo na misuli, kama maji ya bahari yanavyoingia katika mikoko wakati wa maji kujaa. Kisha hujikusanya katika bwawa lililo upande wa chini wa kifua, huingia matamvuani na kupata hewa, na kurudi katika ule mfuko uuzungukao moyo. Moyo ulegeapo, nyuzi zilizoushikilia huuvuta utanuke, matundu yake yakafunguka, na damu ikaingia tena.

Kwa hiyo kamba hana mishipa kamili ya kuirudisha damu. Damu yake na maji yaoshayo viungo vyake ni kitu kimoja. Ndiyo sababu damu yake ni nyingi: katika kaa wengi yaweza kufika robo ya uzito wa mwili, ambapo kwa mtu ni kama sehemu moja katika 13. Na kuna tofauti nyingine. Moyo wa mtu huanza pigo lake katika nyama yake wenyewe, hata mishipa yote ya fahamu ikikatwa. Moyo wa kamba hupokea amri ya kupiga kutoka kwa fundo dogo la fahamu lililo juu ya moyo wenyewe. Katika kamba mkubwa wa Ulaya fundo hilo lina chembe 9 tu. J. S. Alexandrowicz alilieleza kwa makini katika mwaka 1932. Harvey na rafiki zake walipoutazama ule moyo wa kamba wa Thames, hawakuweza kujua kwamba moyo ule uliokuwa ukiwafundisha habari za moyo wa mtu ulikuwa ukiamriwa kwa njia nyingine kabisa.

Baki sasa habari ya rangi. Kwa nini damu ya kamba si nyekundu? Damu yetu ni nyekundu kwa sababu hewa hubebwa na kitu chenye chuma, kiitwacho himoglobini. Mwaka 1847 Mjerumani Emil Harless aligundua kwamba katika damu ya konokono na ya jamii ya pweza mna shaba. Kisha mwaka 1878 Mbelgiji Léon Fredericq alimchunguza pweza, akaona kwamba damu yake ikipata hewa hugeuka buluu, na ikipungukiwa na hewa hupoteza rangi. Kitu hicho chenye shaba alikiita himosayanini. Kamba na kaa nao wanacho. Basi mpishi akatapo kamba, maji yale yatokayo, meupe au ya buluu hafifu, ambayo huyafuta bila kuyafikiri, ndiyo damu. Ugawaji wa Aristotle wa wanyama wenye damu na wasio na damu ulikuwa umekwisha.

Dirisha lile alilochungulia Harvey lilifunguliwa mara ya pili katika karne ya 19. Elie Metchnikoff, mtaalamu aliyezaliwa katika dola ya Urusi, alimtazama kwa hadubini kiroboto wa maji. Huyu si kiroboto wa kweli. Ni ndugu mdogo sana wa kamba, akaaye katika madimbwi, na mwili wake nao hupenyeka kwa nuru. Metchnikoff aliona kwamba kiroboto huyo akimeza mbegu za kuvu fulani zenye ncha kama sindano, mbegu hizo hutoboa utumbo na kuingia katika nafasi ya damu. Mara chembe za damu huzizunguka, huzimeza na kuziharibu. Zikishinda chembe, mnyama hupona. Zikishinda mbegu, mnyama hufa. Alichapisha habari hiyo mwaka 1884, ikawa ni msingi mmoja wa elimu ya jinsi mwili unavyojikinga na ugonjwa. Mwaka 1908 alipewa nishani ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Mara hii tena, jambo kubwa lihusulo uhai wa watu lilionekana kwanza katika mwili wa mnyama mdogo wa majini.

Tumesema kwamba damu huosha viungo vyote. Mahali paoshwapo hapakosi taka, na taka lazima zitolewe. Chakula cha kujenga mwili, kama nyama na samaki, kikitumika huacha mabaki yenye sumu. Mtu huyatoa kwa figo, katika mkojo. Kamba huyatoa wapi?

Waliompasua kamba wa mito ya Ulaya walikuwa wameona tangu zamani tezi mbili za rangi ya majani mabichi ndani ya kichwa chake, moja kila upande, na tundu la kila tezi liko chini ya sharubu kubwa. Kazi yake ilijulikana polepole. Mwaka 1889 Mrusi Alexander Kowalevsky alitumia akili nzuri: aliwatia wanyama rangi ndani ya miili, kisha akatazama ni viungo gani vinavyoizoa rangi hiyo kutoka damuni. Katika kamba, zile tezi ndizo zilizoizoa. Sehemu moja ya tezi ilichukua rangi nyekundu, na sehemu nyingine rangi ya nili. Mwaka 1892 Mfaransa Paul Marchal akaeleza kwa urefu viungo hivyo katika kaa na kamba wa namna nyingi. Ikawa dhahiri kwamba tezi ile ni kama figo, nayo ina mfuko wa kuchuja, na njia zilizopindapinda, na kibofu. Msomaji asicheke tukisema kwamba kamba na kaa hutoa mkojo wao kichwani. Tena wengine huutumia kama barua: kamba wakubwa wenye magando, wapiganapo, hurushiana mkojo usoni, na aliyeshindwa humtambua mshindi wake kwa harufu na kumkwepa siku nyingine.

Lakini hapa nako palikuwa na mtego uleule. Wataalamu walipoiona figo, ilikuwa rahisi kufikiri kwamba yafanya kazi yote ya figo ya mtu. Walipopima vizuri zaidi, waliona kwamba sehemu kubwa ya taka yenye sumu, iitwayo amonia, haitoki kwa tezi zile. Hutoka kwa matamvua, na kuingia moja kwa moja katika maji yapitayo. Tamvua ni pafu na figo kwa pamoja. Tezi za kichwani kazi yake kubwa ni kulinda kiasi cha maji na chumvi za namna mbalimbali mwilini. Kamba wa mtoni huingiwa na maji mchana na usiku, maana damu yake ina chumvi kuliko mto. Basi huyatoa maji hayo kwa mkojo mwingi mwepesi, akiisha kuirudisha chumvi ndani. Na chumvi ipoteayo huivuta tena kutoka majini kwa matamvua yake, jambo lililoelezwa na August Krogh wa Denmark katika kitabu chake cha mwaka 1939. Kamba wa baharini hana haja ya kujisumbua hivyo, na mkojo wake huwa na chumvi karibu sawa na damu yake.

Kaa aishiye nchi kavu ana taabu nyingine, kwa kuwa hana maji ya kumpokelea amonia. Mfano mzuri twaweza kuutaja karibu na kwetu. Katika kisiwa cha Chumbe, Unguja, yuko kaa mkubwa sana apandaye miti na kula nazi. Huyo akizamishwa majini hufa. Mkojo wake huupitisha kwanza penye matamvua yake, ili chumvi isipotee bure, na sehemu kubwa ya taka zake huzitoa pamoja na kinyesi, zikiwa kama unga mweupe usiohitaji maji mengi. Twaona jinsi viungo vya jamii moja vinavyobadilika kazi kwa kadiri ya mahali mnyama aishipo.

Elimu hii si ya kupambia vitabu tu. Siku hizi watu wa nchi nyingi hufuga kamba katika mabwawa. Mfugaji asiyejua kwamba kamba hutoa sumu yake kwa matamvua huwarundika wengi katika maji machache, na kuwatupia chakula kuliko wawezavyo kula. Chakula huoza, amonia huzidi ndani ya maji, na kamba hawezi tena kuitoa ya kwake, kwani penye kutolea pamejaa. Hufa wengi kwa usiku mmoja, na mwenyewe hudhani wamelogwa au wamewekewa sumu na jirani. Ajuaye habari za damu na matamvua huyapima maji yake, hupunguza chakula, na hubadilisha maji kabla ya hasara.

Hatutaki msomaji adhani kwamba Harvey alikosea kumtumia kamba. Alimwuliza kamba swali moja, nalo ni jinsi moyo unavyofanya kazi, akapata jibu la kweli. Kosa lingekuwa kwa mtu ambaye, akiisha kupata jibu hilo, angeyakisia mengine yote bila kutazama: kwamba kwa kuwa moyo ni moyo, basi mishipa ni mileile, na damu ni ileile, na figo ni ileile. Kila mnyama hana budi kuchunguzwa mwenyewe.

Mwanafunzi aishiye pwani aweza kuanza kazi hiyo bila gharama. Atafute uduvi aliye hai, mdogo na mwenye mwili wa kupenyeka kwa nuru, amtie katika bilauri safi yenye maji ya bahari, na kumtazama akielekeza bilauri kwenye mwangaza. Atazame mgongoni, nyuma ya kichwa, chini ya gamba. Akiwa na subira, na kama macho yake ni mazuri au ana kioo cha kukuzia, ataona kitu kidogo kikipigapiga upesi. Kisha ahesabu mapigo, ayaandike katika daftari, na amrudishe uduvi baharini kabla maji ya bilauri hayajapata moto.